Sabuni Iliyokataa Kushikana

Mwalimu Danieli amefariki, na habari zimenifikia siku ya nne, matanga yameshaanuliwa huko kwao Mbinga. Aliyenipigia simu alisoma kwake darasa la sita, sasa ni mzee mwenye kisukari kama mimi, na alitaka kujua kama namkumbuka. Nikamjibu kwamba namkumbuka kidogo. Nilidanganya. Si mara ya kwanza kudanganya juu ya mtu huyo, na ndiyo sababu nimemwomba mjukuu wangu daftari na kalamu. Wanaonifahamu hapa Mitwero watawaambia kwamba Somoe ni mtu wa kushuku. Nikinunua samaki namfunua mashavu yote mawili, kulia na kushoto. Daktari akiniandikia dawa namuuliza yeye mwenyewe akiumwa humeza ipi. Watoto wa nyumba hii wananicheka, nami nawaacha wacheke, maana hawajui kwamba ugonjwa huu wa kushuku niliupata mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye kibanda cha kupikia sabuni.

Wiki hiyohiyo mjukuu wangu Rehema alikuwa likizo kutoka chuoni. Tulikuwa tunakula wali na kisamvu cha nazi, na yeye, kama kawaida yake, anakula huku anasomesha. Akasema kwamba kabla hakijawepo kiumbe chochote duniani, yaelekea kulikuwepo kwanza utando: kijifuko chembamba cha mafuta kilichojifunga chenyewe ndani ya maji. Ndani ya kijifuko hicho vitu visivyo na uhai huenda vilianza kukaa pamoja, vikatendana, mpaka siku moja vikawa hai. "Na utando ule, Bibi, chumvi hauiwezi. Ukitia chumvi unavurugika, ndiyo maana wengine wanasema haukuanzia baharini." Mkono wangu ukasimama juu ya sahani. Nikamwambia, "Najua. Nimeviona." Mama yake akacheka mpaka akapaliwa. Rehema hakucheka, akaniuliza nimeviona wapi, nikasema labda nimechanganya na kitu kingine, nikaomba maji ya kunywa.

Mwaka wenyewe ni ule tuliohamishwa. Tulikuwa tunakaa Namapwiti, juu kidogo, penye chemchemi inayotoka chini ya mawe meusi, tukateremshwa mpaka karibu na barabara ya kwenda Kilwa Masoko, kwenye uwanda usio mbali na mikoko. Kijiji kipya kikaitwa Umoja. Kisima chake kilichimbwa kabla hatujafika, ndani ya mwamba wa matumbawe, na siku ya kukifungua Mwenyekiti Mbwana alikunywa kikombe kizima mbele yetu, akafuta midomo, akasema, "Maji matamu!" Tukapiga makofi. Ilikuwa masika, na kwa kweli yalikuwa matamu. Tangu siku hiyo likawa neno la kijiji, likasemwa kwa wageni na kuimbwa na watoto wa shule. Kiangazi kilipoingia na chai ikaanza kuwa na ladha ya kitu kingine, hakuna aliyesema. Kukisema vibaya kisima kulikuwa kukisema vibaya kijiji, na mtu wa kukisema vibaya kijiji alikuwa na jina lake, jina ambalo hukutaka likutangulie ofisini. Ulimi ulijua, mdomo ukanyamaza. Nafikiri hapo ndipo kushuku kulipoanza, kwa sababu watu wanaonyamazia jambo moja pamoja huanza kujiuliza mwenzao ananyamazia lipi jingine.

Kikundi cha sabuni kilikuwa na wanawake kumi na wawili. Kibanda chetu kilikuwa nyuma ya shule, kuta za udongo mpaka kiunoni na makuti juu, chungu kikubwa kimoja juu ya mafiga, na pembeni mtungi uliotobolewa chini, umejazwa majivu ya makumbi ya nazi na maganda ya ndizi. Juu unamimina maji, chini yanadondoka maji ya majivu, mekundu, makali, ukigusisha ulimi unajuta. Hayo ndiyo yanayochanganywa na mafuta ya nazi na kukorogwa mpaka mwiko usimame. Madukani sabuni ilikuwa imeadimika, kwa hiyo yetu ndiyo iliyoosha shule, zahanati, waliojifungua na maiti. Mkuu wa kikundi alikuwa Bi Esha, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyoungua na sauti ya chini, aliyejifunza kazi hiyo wakati wa vita vya Wazungu. Asubuhi tulikuwa tunakula kibandani pamoja, muhogo wa kuchemsha na chicha ya nazi iliyokaangwa kwa chumvi. Mkorogaji nilikuwa mimi, kwa sababu ya mabega yangu. Nilijivunia kazi ile kupita kiasi, nakiri.

Chungu cha mafuta kina miiko. Mwanamke aliye katika siku zake hakisogelei, hukaa kando, akakuna nazi au akachekecha majivu, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Mwenye mimba inayojulikana anaruhusiwa, ila asikoroge. Mwenye mimba aliyoificha ndiye balaa. Bi Esha alikuwa akisema kwamba mafuta hayafichwi siri, ukiyafikia na siri tumboni yanakataa kushikana. Tulikuwa tunalisikia neno hilo tangu tulipoanza kazi, na tulikuwa tunalicheka, kwa kuwa sabuni ilikuwa inashika kila safari.

Basi kiangazi kikiwa kimekolea, sabuni ikakataa. Niliikoroga mpaka mikono ikafa ganzi, ikatoka vidonge vidonge, mafuta yakielea juu na maji machafu yakibaki chini. Tulipojaribu kufulia, ikaacha uji mweupe kwenye nguo na povu hakuna. Chungu cha kwanza tulilaumu majivu. Cha pili tulilaumu nazi kwamba zilikuwa changa. Cha tatu hakulaumiwa mtu wala kitu. Wanawake kumi na wawili walikaa, kila mmoja akitazama matumbo ya wenzake. Nami nilitazama, sikujua kwamba wengi walikuwa wananitazama mimi.

Nilijua kesho yake. Nilikuwa bafuni, ndani ya ua wa makuti, nikiwa nimejimwagia maji tu, na Bi Esha akapita nje na jirani yake. Walikuwa wanazungumza Kimachinga, na kwenye jambo lile wakahamia Kiswahili, kama watu wanaoona siri yataka lugha ya heshima.

"Anayekoroga nani?" jirani aliuliza.

"Si ni Somoe!"

"Mwezi huu umemwona akikaa kando hata siku moja?"

"Sijamwona," Bi Esha akasema. "Na mchumba wake yuko Songo Songo tangu korosho za mwaka jana. Sasa kama ipo, ni ya nani?"

Maji yalinikaukia mwilini. Siku zangu zilinijia wiki ile ambayo kikundi kilipumzika, tulipokwenda kupalilia mikorosho, na ningemwambia nani, na kwa ushahidi gani? Nikaha yangu na Shabani ilikuwa ifungwe korosho zikishavunwa. Watu wa visiwani ni watu wa kusikia: neno kama lile lingevuka maji siku hiyohiyo, na mama yake angelipokea barazani kwake, na posa ingerudi. Kwa msichana wa wakati ule jina lilikuwa ndiyo nyumba yenyewe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na kwa woga ule nikaanza kumtafuta mwingine wa kutwishwa.

Wa kutwishwa alikuwepo. Mwalimu Danieli alikuwa amefika mwanzoni mwa mwaka, mtu wa bara, Mkristo, mwembamba, anayetembea na chupa za dawa mfukoni akichotea maji ya madimbwi. Chumbani kwake alikuwa na sanduku jeusi lenye kufuli. Na baada ya chungu cha tatu alikuja kibandani, akatusalimia vizuri, akaomba apewe kipande cha ile sabuni mbovu. Bi Esha alimpa, kisha akatema mate pembeni. Nikajiuliza, mtu anaomba sabuni nzuri, je, mbovu ni ya nini? Mbovu anaitaka aliyeiharibu, anataka kuona kazi yake. Siku hiyo baada ya adhuhuri, watu wamejinyoosha kukwepa jua, nilikwenda kwake kumfumania.

Sikumfumania katika lolote. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, vitabu juu ya dirisha, sahani ya muhogo ulioliwa nusu, harufu ya ndimu na mafuta ya taa. Juu ya meza, kwenye mwanga wa dirisha, sanduku lilikuwa limefunguliwa, na kilichokuwemo kilikuwa chombo cha shaba chenye bomba na kioo kidogo chini. "Shikamoo, Mwalimu," nilisema, kwa sauti ya polisi. Akaitika marahaba akiwa anacheka, akasema kile kinaitwa hadubini, ni cha shule, analala nacho chumbani kwa sababu darasa halina mlango. Nikamwambia kwamba nataka kujua sabuni yetu anaifanyia nini. Akatoka nje, akakaa kwenye gogo uani mahali ambapo kila apitaye angemwona, akaniambia niingie nitazame peke yangu. Wakati ule niliona ni ujanja. Sasa najua ilikuwa adabu.

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Kisha nikaona duara la mwanga, na ndani yake vijifuko vya mviringo, vingi, vingine vimo ndani ya vingine, ukingo wake mwembamba kushinda uzi, vinatetemeka. Nikajua ni picha. Nikakigeuza chombo juu chini, nikalitikisa bomba, nikatafuta karatasi iliyobandikwa. Sikuiona. Nikang'oa unywele wangu, nikauweka, nikauona mnene kama kamba ya ng'ombe, nikarudi nyuma. Lakini bado sikuamini, maana maji yalikuwa yake na sabuni ilikuwa imepita mkononi mwake. Nikamwambia, "Nitakuja na vitu vyangu." Akasema, "Hivyo ndivyo ningefanya mimi."

Siku ya tatu nilirudi na chupa ya maji niliyoyachota mwenyewe Namapwiti nilipokwenda kuni, kipande cha sabuni ya zamani iliyoshika vizuri, na ndimu kutoka kwa shangazi. Safari hii alisimama mlangoni akinielekeza, hakugusa kitu. Niliiyeyusha sabuni kwenye maji ya chemchemi, yakabaki maangavu. Akasema nikamulie ndimu, tone moja moja. Tone la kwanza, kimya. La tatu, maji yakaingiwa na weupe, mfano wa tui la mwisho. Nikachukua tone, nikaliweka chini ya kioo. Vijifuko vilevile. Kimoja kilikuwa kirefu, nikakitazama kikijibana katikati, kikawa viwili, kila kimoja kikaenda zake. Nilisoma bismillahi kwa sauti.

"Yana uhai?" nilimuuliza.

"Hapana. Ni mafuta tu."

"Mbona yanakwenda?"

"Ukipepeta mchele kwenye ungo, mchele unaruka. Una uhai?"

Akaanza kunieleza, na nilimsikiliza kwa sikio moja, jingine likiwa njiani kusikiliza nani anapita. Alisema kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyaogopa. Zikiwa nyingi pamoja, zinajipanga safu mbili, mikia kwa mikia, vichwa vikielekea nje na ndani, kama akinamama wawili waliokaa wakiegemeana migongo. Safu hiyo ikijikunja na kujifunga inakuwa kifuko chenye maji ndani. "Kabla hakijawepo kitu chenye uhai," alisema, "ilibidi kuwepo ndani na nje. Vitu vikielea ovyo haviwezi kufanya chochote, kila kimoja kinakwenda na maji. Vikifungiwa pamoja, vinakutana tena na tena. Vinaweza kusaidiana. Na kifuko chenyewe kikipata mafuta zaidi kinanenepa, kikitikiswa kinagawanyika, umeona mwenyewe. Haujawa uhai huo. Ni nyumba. Mpangaji aliingia baadaye, au alijengewa humohumo, hatujui."

"Na nani aliyeifunga nyumba?"

"Hapo kila mtu ana jibu lake, na lako silishiki. Mimi nasema huenda mafuta yalijifunga yenyewe. Nasema huenda."

Nilipenda ile huenda yake. Katika kijiji kile hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa akiitumia. Kisha akaniambia nidondoshe pembeni ya kioo tone la maji ya kisima cha Umoja, niliyokuwa nimeyaleta kwenye chupa ya pili. Nilidondosha, nikatazama. Vijifuko vikaanza kukunjamana, vikavutana, vikagandana vikawa makombo, vidonge vidonge, vilevile vya chungu changu. Alisema ni chumvi inayoingia kisimani wakati wa kiangazi, na ile chokaa ya mwamba wa matumbawe. Zinavikamata vile vichwa, safu inavunjika. "Ndiyo maana wanaosema kwamba uhai ulianza baharini mimi nawashuku," akasema. "Nafikiri ni kwenye dimbwi la maji baridi, bara."

"Nyie watu wa bara kila kitu mnataka kianzie kwenu."

Alicheka sana, akainama akishika goti. Mimi bado nilikuwa natazama yale makombo. Nikasema kwa sauti bila kukusudia, "Basi si mimi." Akaniuliza si mimi nini. Nikamwambia yote, la tumbo, la Shabani, la Bi Esha, nikiangalia sakafu, kwa sababu mambo yale hayasemwi mbele ya mwanamume. Akasema kuna mkutano Ijumaa, atasimama aseme kwamba kosa ni la maji. Nikamsihi asiseme kwamba nilifika kwake. "Sitasema," alijibu. Sikumwamini. Nilitoka pale nikiwa nimejua ukweli wa jambo zima, na sikumwamini mtu pekee aliyenipa.

Mkutano ulifanyika darasani, wanaume madawatini, wanawake mikekani. Mgeni kutoka wilayani alikuwa anatarajiwa mwezi ule kuona sabuni ya Umoja, na sabuni hakuna, kwa hiyo Mwenyekiti Mbwana alikuwa na jasho kabla hajaanza. Bi Esha alisimama, akasema kikundi hakina uvivu, ila kuna mtu anakikaribia chungu na jambo alilolificha. Hakunitaja. Hakuhitaji. Hapo Mwalimu Danieli akainua mkono. Alikuwa na chupa mbili, moja ya maji ya Namapwiti, moja ya kisima, na kipande cha sabuni. Akaitikisa ya kwanza, ikajaa povu. Akaitikisa ya pili, ikafanya uji. Watu wakavuta pumzi. Kila mmoja mle ndani alijua, nawaapia, kila mmoja ulimi wake ulishamwambia zamani. Tulimtazama Mwenyekiti tuone uso wake utakwenda upande gani, ili na zetu ziufuate.

"Mwalimu," alisema taratibu, "maji ya Umoja ni matamu. Hilo si la kujadiliwa. Sasa wewe unakuja na chupa ulizozijaza mwenyewe chumbani kwako. Umetia nini humo? Nani alikuwepo?"

"Yupo aliyeona," Mwalimu akasema. "Aliyechota maji kwa mkono wake."

"Mtaje."

Akafumba mdomo. Nilikuwa nimekaa mkeka wa tatu. Nikasema moyoni, haya, sasa ananiuza. Alikuwa anatazama vidole vyake. Ndipo jirani yake Bi Esha, yule niliyemsikia kutoka bafuni, akasema kutoka nyuma, "Somoe ameonekana mlangoni kwake. Mara mbili."

Kuna sauti watu wanaitoa wakipata walichokuwa wanakitafuta. Niliisikia. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza kwa upole, ule upole wa mtu anayekupa mlango wa kutokea. "Somoe, mwanangu, uliingia kwa Mwalimu?"

Nikisema ndiyo, maji yana kosa, sabuni ina sababu, na mimi nimeingia chumbani kwa mwanamume asiye ndugu yangu, tena mara mbili, tena mchana watu wamelala. Nikisema ndiyo, hakuna atakayekumbuka chupa. Tumbo langu ndilo litakalokumbukwa. Nililiona hilo wazi, na mpaka leo sidhani kama nilikosea kuliona.

"Sijaingia," nilisema. "Nilipita tu njiani."

"Kuna kitu alikuonyesha?"

"Hakunionyesha kitu."

Nikangoja. Sikuwa na shaka kwamba angenikanusha. Alikuwa na haki, alikuwa na ndimu yangu mezani kwake na chupa yenye kizibo cha khanga yangu. Mwenyekiti akamuuliza. Mwalimu Danieli aliinua kichwa, lakini hakunitazama mimi, alimtazama Bi Esha.

"Anasema kweli," akasema. "Dada huyu hajaingia kwangu. Mimi nimesema vibaya. Hakuna aliyeona."

Akakusanya chupa zake, akakaa. Mwenyekiti akasema, basi, mmesikia wenyewe. Mzee mmoja akaongeza kwamba mtu anayechota maji ya madimbwi na kuyafungia ndani hana dini, na mwingine akauliza kwa nini mtu huyo anataka kijiji kirudi porini. Kilichobaki cha mkutano kilikuwa juu yake, na yeye alikuwa amekaa palepale akisikiliza. Haikupita wiki mbili barua yake ya uhamisho ikaja. Aliondoka juu ya lori la korosho, asubuhi, sanduku jeusi likibaki shuleni ambako hakuna aliyelifungua tena. Nilikuwa kibandani naosha chungu. Hakugeuka kututazama.

Kwa miaka mingi nilimshuku kwa jambo lile. Nilijiuliza alikuwa anataka nini kwangu. Mtu hapotezi shahidi wake na kazi yake kwa ajili ya msichana wa watu asiyemjua, lazima kuna alichotarajia, barua, ahadi, siku moja kuja kudai. Nilipoolewa na Shabani nilikuwa nikiona bahasha nashtuka. Hakuandika. Nilipozaa, nilipokuwa mjane, nilipohamia Mitwero, hakudai. Imenibidi nizeeke ndipo nikubali kwamba aliniona nimebanwa na akafungua mlango, basi. Ni vigumu kumshukuru mtu aliyekufanyia wema ukiwa katikati ya kumfanyia ubaya. Ni rahisi zaidi kumshuku.

Lakini bado sijafika kwenye lile linalonifanya niandike. Mwalimu alipokwenda, macho ya kibandani hayakuniacha. Kukana kulinisaidia kidogo tu, maana sabuni ilikuwa bado haishiki, na tumbo la msichana linahitaji miezi ili lijitetee lenyewe. Mvua zilikuwa zinakaribia na kisima kingepona chenyewe, ila sikuwa na muda wa kungoja. Mama yake Shabani alikuwa ameshatuma mtu kuulizia habari. Kwa hiyo siku mbili mfululizo niliamka alfajiri nikisema nakwenda kuni Namapwiti, nikarudi na mzigo wa kuni mkononi na debe la maji ya chemchemi kichwani, nikayamimina katika mtungi wetu wa maji, ule wa pili pale kibandani, kabla wenzangu hawajafika. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hakika na nitakachokiona, kwa kuwa nilishakiona.

Siku ya tatu tulipika. Maji ya majivu yalidondoka mekundu, nikayatia kwenye mafuta, nikakoroga. Wanawake walisimama mbali na mimi. Jua lilipofika katikati, mafuta yalianza kushikana, yakawa uji, yakawa mazito, mwiko ukasimama peke yake katikati ya chungu. Bi Esha alichukua kidogo akakisugua viganjani na maji ya mtungi ule, povu likamfika kwenye vifundo vya mikono. Akapiga kigelegele, sauti ikamkatika katikati. Wengine wakapokea. Akanijia, akanishika uso kwa mikono yake ile iliyoungua, yenye povu, akaanza kulia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikushuku wewe, kumbe ni yule. Ameondoka, na balaa lake limeondoka naye. Umeona? Umeona?"

Wote walikuwa wanaitikia: ni yule, ni yule. Debe lile la maji ya Namapwiti lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Ningeweza kulionyesha kwa kidole.

Nikamwambia Bi Esha kwamba nimemsamehe.